Maji Aliyoyakataa Ng'ombe

Nakumbuka siku ambayo ng'ombe wetu alinifundisha woga, mwanangu, na woga huo haujanitoka mpaka leo. Nilikuwa msichana, nimempeleka kunywa kwenye kijito kilicho chini ya shamba letu hapa Wamagana. Alinusa maji, akarudi nyuma. Nikamchapa. Nilikuwa na haraka zangu, na haraka za wasichana unazijua.

Mzee Gathogo, jirani yetu, alikuwa ng'ambo akikata majani ya mifugo. "Wewe, wacha kuchapa hiyo ng'ombe!" akanifokea. "Iko na akili kukushinda. Kwani huko nyumbani mnakunywa gani?"

Tulikuwa tunakunywa yale yale. Yalikuwa maangavu, kokoto unaziona chini. Kumbe huko juu kiwanda cha kahawa kilikuwa kimechimba shimo la maji machafu, nalo likivuja chini kwa chini. Mdogo wangu alikuwa ameshaanza kuharisha. Alipona, Mungu ni mwema, lakini nilimwona mama akimshika kifua kuhakikisha anapumua. Wazee walipokwenda kulalamika, meneja akawauliza, "Muko na ushahidi gani hii maji haikuwa hivi tangu zamani?" Hakuna aliyekuwa amepima maji kabla ya shimo. Wakarudi mikono mitupu.

Sasa nasikia watu wa gesi wamekuomba mteremko ulio juu ya kijito hicho hicho, wachimbe kisima chao. Naogopa, mwanangu. Gesi yao imo ndani ya mwamba, chini sana. Huupasua kwa maji, mchanga na dawa za kemikali, na bomba lao litapita katikati ya maji ya ardhini tunayoyategemea. Maji yao hayo hurudi juu na chumvi na sumu za huko chini. Bomba likivuja, utamfokea nani? Maji yakimwagika hayazoleki.

Sikukatazi, shamba ni lako. Ila usitie sahihi kwanza. Chota maji leo, yapimwe na mtu uliyemchagua wewe, si wao, na majibu uyaweke. Dawa zao wazitaje kwa majina. Wasogee mbali na kijito, bomba walizungushie saruji na kulijaribu mkiona, na maji machafu yakae kwenye matangi yaliyofungwa. Habari ya shimo nisiisikie. Wakikataa hata moja, wape chai waende zao. Wanasema majuto ni mjukuu, na mimi wajukuu ninao wa kutosha.

Mungu akutangulie, mwanangu, na ng'ombe wako wasiyakatae maji yako kamwe.