Viatu Vilivyokataa Kumwenea Fundi Soli

Fundi Soli alikuwa na maneno mengi kuliko misumari. Ukimletea kiatu kilichopasuka, kabla hajakishika ameshakusema: "Hiki ulikivaa au ulikipigania vita?" Miaka nenda miaka rudi alikaa kigodani pale kibandani kwake, chini ya rafu ya viatu vilivyosahauliwa na wenyewe, na kisukari chake kikakaa naye kimya kimya. Dawa alimeza alipokumbuka. "Ugonjwa usiouma wa nini kuubembeleza?" alimwambia mkewe.

Halafu viatu vyake mwenyewe vikaanza kumbana.

Akalaumu ngozi. Akavipaka mafuta, akavitia kalibu, ule mguu wa mbao wa kutanulia, akaviacha vilale hivyo. Vikamwenea siku mbili tatu, vikabana tena. Akatia kalibu kubwa zaidi.

"Kweli mganga hajigangi!" mshona nguo wa jirani akamtania. "Fundi mzima unachechemea!"

"Ngozi za siku hizi, ndugu yangu, zinanywea kama sweta."

Mkewe naye akacheka, maana nani angedhani?

Kicheko kilikatika siku Fundi alipopanda ngazi za nyumbani, akashika ukuta, anahema kama aliyefukuzwa. Mkewe akainama kumvua ndala, maana viatu vilikuwa kibandani kwenye kalibu. Kidole gumba kikazama kwenye kifundo cha mguu. Alipokitoa, shimo likabaki palepale.

Hospitalini, daktari, binti wa umri wa mtoto wao wa mwisho, aliwaonyesha moyo kwenye kioo cha mashine, wa kijivu, unatikisika.

"Sukari ikizidi kwenye damu miaka mingi, baba, msuli wa moyo unaweza kukakamaa. Wako umekakamaa. Haulegei vizuri kupokea damu, ndiyo maana maji yanajaa miguuni na mapafuni."

Fundi akautazama kwa makini, kama kiatu cha mteja. "Ngozi ikikakamaa, mwanangu, mimi naitia mafuta, naigongagonga, inalainika."

"Huu hauna nyundo, baba. Dawa zitapunguza maji, na sukari tutaishika. Lakini kuurudisha ulivyokuwa, siwezi kukuahidi."

Mkewe akangoja mzaha, wowote ule. Haukuja.

Kesho yake mkewe alimsindikiza kibandani, maana kukaa nyumbani Fundi alikataa katakata. Viatu vyake vilikuwa bado kwenye kalibu.

"Vitoe, mama watoto."

"Mimi? Kazi yako hiyo."

"Nikiinama pumzi inakata. Vitoe tu. Havikuwa na kosa."

Akavuta, mbao ikagoma. Akavuta tena mpaka jasho likamtoka.

"Usivute kwa hasira. Bonyeza kisigino kwanza. Ehe. Sasa polepole."

Mbao ikateleza, ikatoka. Akabaki ameshika viatu vipana kama vya jitu, hajui pa kuviweka.

"Weka rafuni," mumewe akasema.

Rafu ile ya viatu vilivyosahauliwa ilikuwa juu ya kichwa chake tu, lakini mikono ilikataa kuinuka. Akavikumbatia, akasimama hivyohivyo, akimsikiliza anavyohema.