Tulivyolifukia Shimo la Kioko

Kabla hujaondoka, mwanangu, iko siku moja naikumbuka, ambayo mama mmoja wa Kimaasai alinikemea mbele ya watu. Nilikuwa kijana, tena mjane ambaye mwaka wa kufiwa ulikuwa haujaisha. Kwanza nikueleze nilivyofika hapo.

Mume wangu aliitwa Kioko. Tulitoka Masii miaka ya tisini, mvua ilipotukataa, tukaja Kitengela kwa sababu tuliambiwa kuna kazi ya mawe. Kitengela haikuwa mji huu unaouona. Ilikuwa maduka machache kando ya barabara ya Namanga, na nyuma yake nyasi hadi macho yachoke. Kioko alichonga mawe ya kujengea. Mimi nilivunja kokoto pamoja na wanawake wengine, tukiwa tumejitundikia magunia juu kuzuia jua.

Machimbo yetu hayakuwa kama mengine. Jiwe zuri lilikuwa chini, limefunikwa na mwamba mbovu, na kontrakta aliyekodi shamba hakutaka gharama ya kuuondoa mwamba huo. Kwa hivyo wanaume walichimba kuingia ndani kama fuko, wakilifuata jiwe zuri na kuacha nguzo za mawe zishikilie paa. Mle ndani walitumia taa. Wakitoka, ungemtambua mtu kwa sauti tu, maana nyuso zote zilikuwa vumbi.

Kisha jiwe likaanza kuisha. Kontrakta akasema nguzo ni nene mno, zipunguzwe. Wanaume walinung'unika, lakini kila mmoja alikuwa na watoto, na nguzo zikapunguzwa. Siku moja, wakati wa uji, wenzake walitoka na Kioko akabaki amalizie jiwe lake. Paa likashuka. Halikupiga kelele nyingi, mwanangu. Mimi nilidhani ni lori linamwaga mawe, nikaendelea kugonga kokoto zangu mpaka nilipoona watu wanakimbia.

Walimtoa jioni. Tulimzika Masii kando ya baba yake. Kontrakta alileta jeneza na magunia ya unga, akahamisha mashine zake, na hatukumwona tena.

Pale paa liliposhuka pakabaki shimo wazi, bonde lenye kuta zilizosimama wima. Mvua ilipokuja lilijaa maji, na watu wakaanza kuliita Shimo la Kioko. Mimi sikurudi Masii. Nilimwosha mtoto wangu Mumbua kila Jumapili, tukaenda kanisani, na baada ya ibada nikapita kukaa pale ukingoni. Kaburi la kweli lilikuwa mbali. Nikajizoeza kuona kwamba Kioko yuko mle majini.

Shamba lilikuwa la mzee wa Kimaasai ambaye naye alikuwa amefariki. Mjane wake tulimwita Yeyo, yaani mama kwa lugha yao. Ng'ombe wake mmoja alikuwa ametumbukia mle akafa. Basi siku hiyo ninayokusimulia, alituita sote tuliowahi kufanya kazi pale. Akasema shimo lifukiwe, na anayekula lazima aoshe sahani.

Mimi nikasimama. “Hili shimo lisiguswe,” nikasema. “Bwana yangu alikufia hapa. Mkilifukia, mtakuwa mnamfukia mara ya pili.”

Wanaume wakaangalia chini. Yeyo hakuangalia chini.

“Bwana yako mlimzika wapi?”

“Masii.”

“Basi enda umlilie Masii. Hapa si kaburi, mama. Kaburi watu hufunika. Hii iko wazi, na kitu iko wazi inangoja mwingine. Jana nimefukuza watoto hapa na fimbo. Walikuwa wanataka kuogelea.” Akasogea karibu nami. “Mmoja alikuwa wako. Alikuwa ametoa viatu tayari.”

Niligeuka nikawaacha pale. Nikaenda nyumbani. Nilipomuuliza Mumbua, aliangalia pembeni, nikajua. Asubuhi niliazima beleshi nikarudi kwa Yeyo. Alilitazama beleshi. “Takwenya,” akanisalimu kwa lugha yao. “Iko,” nikaitikia, tukaanza kazi.

Wanaume walitusaidia majuma machache, wakisukuma kwa wilbaro kifusi kilichoachwa na kontrakta. Kisha walipata kazi kwingine, wakaondoka mmoja mmoja. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi; sikuwalaumu. Tukabaki wawili, na ukilitazama lile shimo ungedhani hakuna aliyeligusa.

Haba na haba hujaza kibaba, ni kweli, lakini kibaba chetu kilikuwa kikubwa mno kwa mabeleshi mawili. Ilibidi tufikiri. Ilikuwa imefika miaka ya elfu mbili na mji ulianza kufura. Kila mahali watu walichimba misingi ya nyumba, na malori yalihangaika kutafuta pa kumwaga udongo. Nikaenda kusimama barabarani, nikapunga mkono.

“Leta huo udongo kwangu,” nikamwambia dereva wa kwanza.

“Mathe, sasa wewe udongo utapeleka wapi?”

“Niko na shimo.”

Alicheka, lakini alinifuata. Akamwambia mwenzake, naye akamwambia mwingine. Siku nyingine mmoja alikuja na udongo juu, na chini amejaza karatasi za plastiki na chupa zilizovunjika. Yeyo alisimama nyuma ya lori lake, akakataa kutoka mpaka taka zote zipakiwe tena. “Ng'ombe wangu hawakuli karatasi,” akamwambia. Dereva alipiga honi mpaka akachoka, kisha akashuka kushika beleshi.

Usidhani ilikuwa kujaza tu. Mvua ilinyesha, udongo ukashuka, nyufa zikatokea, tukajaza upya. Tuliweka mawe chini, kisha maramu, ile changarawe nyekundu ya barabara, na juu udongo mweusi. Yeyo alimwaga samadi ya boma na mbegu za nyasi alizookota. Mvua ya kwanza ikaotesha magugu tu. Tukang'oa, tukazungusha miiba mbuzi wasiingie, tukangoja.

Nyasi zilipoanza kushika, mtoto mkubwa wa Yeyo akataka kukata ploti pale, kwa maana wanunuzi walikuwa wengi. Yeyo akaniita nimweleze mwenyewe. Nikamwambia, “Chini ya hapa kuna pango na udongo wa kumwagwa. Ukiuzia mtu, atajenga, na nyumba itamwangukia na watoto wake. Mimi najua paa likianguka inakuwaje.” Alikasirika, akakaa bila kunisalimu kwa muda mrefu. Lakini hakuuza pale.

Siku ng'ombe waliporuhusiwa kuingia, Yeyo alivuta miiba kando, wakapita, wakainamisha vichwa wakaanza kula. Tulisimama kidogo. Nilijaribu kulia, sikupata machozi. Yeyo akasema chai itapoa, tukaenda.

Mwanangu, nasaha yangu si ndefu. Ukiitwa kwenye kazi ya kutoa kitu ardhini, uliza kabla hujashika nyundo ni nani atakayefukia. Ukijibiwa “tutaona,” basi ujue ni wewe, au ni mjane wako. Mkubwa akikuambia upunguze nguzo iliyobeba paa juu ya vichwa vya watu, kataa, hata kama utalala njaa siku hiyo. Njaa ya siku moja ina kesho yake. Na ukifiwa, lia, tena lia sana, lakini usiache mahali palipokuumiza pawe mtego kwa walio hai.

Nenda salama. Mungu akupe mikono ya kurudisha kama alivyokupa ya kuchukua, ardhi unayokanyaga ikushike, na watoto wako warudi nyumbani kila jioni.