Deli la Ukweni

Mimi ni dereva wa hospitali moja Kibondo, chekeni tu. Juzi nilitoka Kigoma na madeli mawili ya bluu, yale masanduku ya barafu. Moja lilibeba dawa ya majaribio ya saratani ya mitoki, yaani tezi za mwilini, inayobana kimeng'enya kimoja tu kwenye seli zenye ugonjwa. Jingine, samaki wa ukweni, migebuka. Kasulu nikalishusha la ukweni macho chini, maana mama mkwe hatazamwi, nikatimua.

Kibondo, daktari akafungua deli mbele ya watafiti. Migebuka wakatukodolea macho. Dawa inajua kuchagua seli. Mimi madeli mawili yamenishinda!

Simu yangu, isiyojua kunong'ona, ikaita. Alikuwa baba mkwe.

“Mwanangu, dawa ya saratani tumeipokea. Mama yako ameshaanza kugawa vitenge vyake kama urithi. Kwani alipimwa lini?”