Punda wa Jirani

Hii-haa! Hii-haa! Mpaka leo punda akilia hivyo, masikio yangu yanapata moto.

Ushirika wetu hapa Kasikeu ulielewana na wa kule Nuu: wanafunzi wao walale majumbani kwetu, na muhula unaofuata wetu walale kwao. Bila hoteli, hata mtoto wa mkulima angeenda ziara. Kila boma lilipewa somo lake. Letu lilikuwa maji, maana mama na wenzake wa mwethya, kikundi cha kusaidiana kazi, walibeba mawe migongoni wakajenga ukuta kukata mto mkavu. Mchanga ukajaa nyuma yake, na ukichimba kidogo tu, hata wakati wa kiangazi, maji haya hapa.

Lakini mimi, mwanafunzi niliyepewa kazi ya kuwaelekeza wageni wa boma letu, nilitaka tuonekane watu wa kisasa. Nilificha mitungi nyuma ya ghala, nikamfunga punda huko huko. Mama nikamwambia akae jikoni, nitaongea mimi.

Tulipewa wasichana watatu. Mmoja, mrefu, hakungoja hata chai.

"Dada, mtoni tunaenda saa ngapi?"

"Mtoni kuna nini? Sisi tuna mfereji," nikasema, nikafungua bomba la tangi. Maji yenyewe mama ndiye aliyeyachota kule mtoni juzi, safari baada ya safari.

Hapo ndipo punda akalia.

"Kumbe mna punda!" msichana akacheka. "Hata sisi!"

"Huyo ni wa jirani."

Jikoni, mwiko ukanyamaza.

Msichana akaacha kucheka. "Kwetu mto ukikauka tunakosa shule tukitafuta maji. Mwalimu alisema huku tutaona vile mlifanya."

Ungefikiri hapo ningesema ukweli. Niliwapeleka kuangalia miche ya maembe. Aliiandika yote kwenye daftari lake, kwa adabu, na kesho yake asubuhi wakaondoka.

Mama alipita na majani mkononi. "Wacha nimlishe huyu wa jirani," akasema. "Amelala njaa."

Heri angenigombeza.

Alipoenda kanisani mchana, nilichukua kamba ya punda nikashuka mtoni peke yangu. Niliupima ukuta wa mama na wenzake kutoka ukingo hadi ukingo, halafu kimo, halafu unene, nikifunga fundo kila nilipofika mwisho. Kisha nikaikunja kamba, nikaiweka ndani ya begi langu la kwenda Nuu.