Daraja Lililoonekana Kabambare

Karakana ya papa, pale Kasongo, ilinuka risasi ya kulehemu na makoti ya mvua ya wamotari, waendesha pikipiki za kukodi. Papa alitengeneza redio, na kwa kuwa alikuwa na paneli za jua, madereva wa pikipiki waliotoka Kabambare walimwachia simu azichaji, wakakaa kwenye benchi wakisimulia njia. Msimu ule wa mvua mama alikuwa Kabambare kumchukua bibi, mama yake, aliyevimba mguu na aliyepaswa kuletwa hospitali kwetu. Bibi alikataa kupanda pikipiki. Maji yalikuwa yamebeba daraja la magogo la njiani, na ingawa wamotari waliapa kwamba limeshatengenezwa, yeye alijibu kupitia simu ya mjomba Ramazani: "Mumotari anatafuta abiria. Miye nataka kuona daraja kwa macho yangu."

Maneno hayo yaliniingia. Nilikuwa nikijifunza peke yangu, kwenye kompyuta kuukuu ya papa, kuandika kurasa za tovuti, na sikuwa nimethubutu kumwonyesha mtu hata mmoja. Simu ya mjomba haikupokea picha kwa ujumbe, lakini kurasa za intaneti ilizifungua. Nikamwomba Papa Amisi, motari mwenye mdomo kuliko wote, aniletee picha za daraja. Akaleta chache, katika moja amesimama katikati ya magogo na pikipiki yake. Nikajiandikisha katika huduma ya bure inayohifadhi tovuti za wanaoanza, nikaunganisha kompyuta na simu ya papa, nikabonyeza kitufe cha kupandisha ukurasa mtandaoni. Mstari wa buluu ulisogea, ukasimama, ukasogea, nami nikawaza: je, gogo likiwa limehama tangu picha ipigwe? Je, bibi akianguka kwa sababu yangu? Nilimuuliza Amisi mpaka akachoka.

"Ee mutoto, miye nimepita pale na magunia ya mchele! Bibi yako anazidi gunia?"

Ukurasa ukafunguka. Kwenye kompyuta yetu ulipendeza, nikaita kila mtu aje kuona. Papa akampigia mjomba, akaweka sauti ya nje.

"Maandishi iko," mjomba alisema. "Picha hapana. Naona visanduku vyeupe tu."

Amisi akashika tumbo. "Maji imebeba daraja mpaka mu telefone!"

Benchi zima lilicheka, nami nikatamani kuingia chini ya meza. Nilikuwa nimepandisha maandishi peke yake. Picha zilibaki kwenye kompyuta, nayo ilikuwa ikinionyesha zile za kwake. Nilipolielewa hilo, nilirudi kwenye kibodi. Nilizipunguza picha ziwe nyepesi, nikazipandisha moja baada ya nyingine, nikarekebisha anwani zake ndani ya ukurasa. Papa aliiacha redio ya mteja wazi mezani, akasimama dirishani ameinua simu juu, mahali mtandao ulipokuwa na nguvu. Mjomba akafungua tena, na safari hii tulisikia sauti ya bibi mwenyewe.

"Magogo iko mapya. Na huyu mwenye ndevu kama mbuzi ni nani?"

Sasa benchi likamcheka Amisi.

Bibi alifika na mama kwa pikipiki, wamejaa matope hadi magotini. Kabla hajaomba maji ya kunywa aliuliza, "Mutoto wa daraja iko wapi?" Papa akanisukuma mbele, na sikuwa nimewahi kumwona akitabasamu vile.

Siku hizi picha za njia zinaruka kutoka simu hadi simu, wala hakuna anayeshangaa. Ile huduma ya bure ilifungwa, ukurasa wangu ukapotea nayo. Mimi nina shahada ya informatiki, natengeneza kurasa nzuri kuliko ule, na bado barua ya kuomba kazi naisoma mpaka naichukia kabla sijaituma. Waajiri wakiniuliza nimefanya nini maishani, nataja shahada, kwa sababu ndiyo wanayotaka kusikia. Lakini moyoni najua jibu langu: bibi aliwakatalia wamotari wote wa Kabambare, akaniamini mimi.