Betri za lori zilikufa tena na tena hapa Mubi, nikamtaja Papa Bahati

Wakuu, salamu kutoka Mubi, Walikale, mashariki mwa Kongo, ambako mvua haipigi hodi.

Baadhi yenu mnanifahamu kwa hadithi ninazobandika kule upande wa fasihi. Hii si hadithi. Ningekuwa natunga, ningejipa sehemu nzuri zaidi. Yote yalitokea.

Shangazi yangu, Mama Kavira, ni mfanyabiashara kutoka Butembo. Ana duka hapa Mubi na lori moja la zamani la volt 24, lile lenye betri mbili za volt 12 zilizofungwa mfululizo ndani ya sanduku la chuma pembeni ya chesisi.

Daraja lilipokatika mbele, lori likaegeshwa katika parsele yake, kiwanja cha nyumbani kwake, wiki tatu nzima. Shofere, dereva wetu, akaenda kwao kungoja barabara. Mimi nikaachiwa funguo.

Asubuhi ya nne nikazungusha ufunguo.

Tak, tak, tak.

Basi. Taa za dashibodi zikafifia kama macho ya mtu anayesinzia kanisani.

Tukaazima betri kwa jirani, tukaliwasha, tukaliacha lingurume saa mbili lijichaji. Siku mbili baadaye: tak, tak, tak.

Nikatambaa chini. Nikakuta waya wa taa za nyuma umesuguliwa na chuma hadi shaba ikawa uchi. Nikasema nimeshamkamata adui. Nikaufunga kwa utepe mweusi, nikatoka na matope hadi masikioni. Shangazi akanichinjia kuku, wakuu. Kuku mzima.

Kuku aliisha. Betri zikafa tena.

Sasa niwaeleze Papa Bahati. Huyu ndiye alikuwa mlinzi wetu, sentinele kama tunavyosema huku. Mkulima wa milima ya Masisi, mtu wa viazi na maharagwe. Vita vilimtoa kwenye shamba la baba yake, vikamweka kambini Kitshanga, vikamtoa na huko pia. Shangazi alimpa kazi na chumba kimoja ndani ya parsele. Humo aliishi na mkewe, Mama Riziki, na wajukuu wawili.

Mara mbili, kunapambazuka, nilimkuta amefungua sanduku la betri.

Mara ya pili nikamuuliza, "Papa, unafanya nini hapo?"

"Naweka maji. Hii batri moja inakunywaka sana. Ile ingine haiombe hata tone."

"Maji gani?"

"Ya mvua. Nayakingaka na beseni safi."

Nikacheka. "Kwani batri ni mbuzi, Papa? Inasikia kiu?"

"Mbuzi ao hapana, iko na kiu," akasema, akafunga kifuniko taratibu kama mtu anayefunika chungu cha mgonjwa.

(Kwa wasiojua: huku maji ya betri yanatoka mbali, kwa hiyo wengi hutumia ya mvua. Ukiyakinga kwenye chombo safi, yasipitie bati lenye kutu, betri inavumilia.)

Wakuu, hapo nilipewa jibu lote mkononi. Sikulisikia. Kichwa changu kinapenda kisa chenye mwizi, na huyu alikuwa na kila kitu cha mwizi: alfajiri, sanduku wazi, simu yake mwenyewe inayoning'inia shingoni ikiwa na chaji siku zote. Nikamalizia mengine mwenyewe.

Tukiwa kwenye chai nikamwambia shangazi, "Nadhani Papa Bahati anachajia watu simu kwa betri zetu."

Hilo "nadhani" nililitamka kwa sauti ndogo. Shangazi alisikia yaliyobaki.

Akamwita pale pale. Papa Bahati akasimama mlangoni, kofia mkononi, akaambiwa nilichosema.

"Mama, mimi mwizi? Mimi?"

"Lori iko inakufa kila siku," shangazi akasema. "Na ni wewe njo unalalaka nayo. Leo mutoke."

Papa Bahati alinitazama mimi, kidogo tu, kisha akaenda kumsaidia mkewe kukunja mikeka.

Saa hiyo hiyo fundi wa umeme akaingia na pikipiki. Musafiri anaitwa. Shangazi alikuwa amemwita tangu jana yake. Kitu cha kwanza alichokiona ni utepe wangu.

"Hii nani amefunga?"

"Mimi."

"Umefunga muzuri, kaka. Njo vile wanawekaka bandeji kwa muntu wa malaria."

Akazima kila kitu, akafungua waya wa hasi, akaweka taa ndogo ya kupimia kati ya betri na ule waya. Lori limelala, ufunguo uko mfukoni mwangu, hakuna kinachopaswa kunywa umeme.

Taa ikawaka.

"Kuna muntu anakula ndani ya nyumba," akasema. Akaanza kung'oa fusibli, yaani fyuzi, moja moja. Ya taa, ya honi, ya waipa. Kila aliyoing'oa, mimi naitazama ile taa kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Zikaisha zote.

Taa bado inawaka.

Musafiri akaacha kutania. Akapima kila betri peke yake, jambo ambalo mimi sikuwahi kulifanya. Nilikuwa napima zote mbili kwa pamoja na kusema "zimeshuka". Ya kwanza ilikuwa imekauka umeme kabisa. Ya pili ilikuwa nzima, ila imevimba mbavu.

"Moja inakufa na njaa, ingine inashibishwa kupita mupaka kila mukiwasha moteri. Hii ya pili inachemka. Nani anaiwekeaka maji?"

Shangazi akanyoosha kidole nje, uani, kule mikeka ilikokuwa inafungwa.

"Huyo muntu amewaokoa. Ingekauka, siku moja mungewasha, ingewapasukia na asidi yote ku sura."

Nikatazama uani: Papa Bahati alikuwa anakaza kamba ya mwisho.

Musafiri akafuata waya mwembamba mwekundu, kutoka kwenye ile betri yenye njaa, ukapita chini ya sakafu ya kabini hadi nyuma ya kiti. Akashika mkono wangu, akauweka juu ya amplifikateri ya muziki.

Wakuu, ilikuwa ya moto. Moto wa yai lililotoka chini ya kuku. Na radio ya lori haikuwa imepigwa wiki tatu.

"Nani alifunga hii?"

Shangazi akanigeukia mimi. Alijua.

Niliinunua mimi Goma, nikaifunga kwa mikono yangu, zawadi kwa shofere. Radio ni ya volt 12, lori ni la 24, basi nikachukua umeme kwenye betri moja tu, kama wengi tunavyofanya huku. Nikapeleka waya moja kwa moja bila fusibli, bila kupitia ufunguo, ili muziki upigwe hata gari likiwa limezimwa. Na ule waya unaoiamsha amplifikateri niliufunga hapo hapo. Ikawa haijawahi kulala tangu siku ile; lori likitembea kila siku chaji ilirudi, lilipoegeshwa ikaisha.

Musafiri akaung'oa.

Taa ikazimika.

Nikakimbia. Niliwakuta barabarani, mizigo chini, wanangoja pikipiki mbili. Nikasema yote mbele ya watu waliosimama pale: nimekosea, mimi ndiye, rudini.

Papa Bahati akasikiliza hadi mwisho. "Wewe uliniuliza ni maji gani," akasema. "Haukuniuliza batri iko na nini."

Akainama kuchukua sufuria, nadhani arudi nayo. Mama Riziki akaweka mguu juu ya mzigo.

"Masisi walitufukuza na bunduki. Kitshanga, bunduki. Ile tunaizoea, tunakimbia, tunarudi. Hapa njo tumefukuzwa na mudomo. Mimi sirudi kwa nyumba ya mudomo."

Shangazi mwenyewe alifika, na viatu vya nyumbani, akaomba. Mama Riziki alimpa mkono kwa heshima, akapanda pikipiki.

Sasa wako kwa ndugu yao, mwendo wa saa moja kutoka hapa. Papa Bahati analinda mbao za mtu mwingine. Nimeshakwenda mara tatu. Yeye huniletea kiti. Mkewe huingia ndani akinisikia nimekohoa.

Nilichojifunza cha ufundi: lori la 24 usiliibie umeme wa betri moja, nunua kipunguza volt. Weka fusibli karibu na betri. Pima kila betri peke yake. Na kabla ya kumtaja mtu, ng'oa kila waya ulioufunga wewe.

Wenye malori, leteni yenu hapa chini. Wenye matusi pia, karibuni, nimeyastahili. Ila zaidi nawaomba wenye umri kunizidi: kwa Mama Riziki, ningekuwa mwanenu, mngeniambia nifanye nini? Jumapili nakwenda tena.