Laki Nane Kwenye Mnada wa Mavuno

Chekeni tu, lakini kuna usharika mmoja kule milimani Same ambako mpaka leo nikipita watoto wananiita Laki Nane, na jina hilo nilijipa mwenyewe, kwa mdomo wangu, bila kulazimishwa na mtu.

Ilianza Ijumaa, siku ya usaili. Mama Nakijwa, mwenye kiwanda kidogo cha kukausha tangawizi pale Same mjini, alikuwa anatafuta mtunza hesabu, na mimi niliitaka ile kazi kama ng'ombe wa tambarare anavyotaka maji wakati wa kiangazi (nilikuwa nimekaa tu nyumbani Ngujini tangu duka la pembejeo nililofanyia kazi Mwanga lifungwe, na baba alishaanza kuitikia shikamoo yangu kwa kuguna). Wiki nzima niliwaza swali moja: wakiniuliza nilikuwa nalipwa kiasi gani, niseme? Nikisema laki mbili na nusu, ambayo ndiyo kweli, watanipa hiyo hiyo. Nikikataa kusema, wataniona nina kiburi. Nikiongeza kidogo, je, kidogo ni kiasi gani? Binamu yangu Naetwe alichoka kunisikiliza.

"Wewe waulize kazi yenyewe inalipa ngapi, yaishe!"

Ushauri mzuri kabisa, nikaukubali, nikaufanyia mazoezi mbele ya kioo, halafu Mama Nakijwa alipouliza tu, mdomo ukajibu wenyewe: "Laki nane."

Laki nane! Hata bosi wetu kule dukani sidhani kama alikuwa anaipata. Nilitaka kuirudisha, lakini mama alishatabasamu.

"Hongera, mwanangu. Jumapili kwetu tuna mavuno. Njoo tusali, halafu tutazungumza."

Nikapanda mlima na tai ya kuazima. Sasa mnajua mambo ya mavuno: ibada ikiisha, vitu vilivyotolewa sadaka vinapigwa mnada nje ya kanisa, ndizi, maboga, kuku, na mimi nikajibanza nyuma ya akina mama wa kwaya. Mwinjilisti, ambaye ndiye alikuwa ananadi, akainua jogoo juu.

"Wapendwa, leo tuna mgeni! Mama Nakijwa ameninong'oneza kwamba kijana huyu alikuwa analipwa laki nane kwa mwezi! Laki Nane, tufungulie mnada!"

Usharika mzima ukageuka. Nikafikiri (nafikiri sana, ndiyo shida yangu) kwamba nikitaja bei kubwa, mtu atanipandia dau, nami nitatoka na heshima zangu. Nikasema elfu thelathini. Hakuna aliyeongeza. Nani atampandia dau mgeni aliyekuja kumtolea Mungu? Vigelegele, jogoo mkononi. Likaja boga, "Laki Nane!", na nauli yangu yote ikaenda kwenye boga. Kisha wakamleta mbuzi.

Bibi mmoja akanigusa bega. "Usituangushe, baba. Huyo nimemlisha mwenyewe."

"Shikamoo bibi, sina hela," nikamnong'oneza.

"Marahaba. Eti huna hela?" Alikuwa na sauti ya kuitana kutoka mlima mmoja hadi mwingine. "Na zile laki nane?"

Hapo jogoo naye akapiga mbawa, akanasa kucha kwenye tai, nikawa nazunguka mbele ya mbuzi kama mtu anayecheza ngoma asiyoijua, nikapiga kelele: "Zilikuwa laki mbili na nusu! Mama, nisamehe, laki mbili na nusu!"

Watu walicheka mpaka mwinjilisti akakalia mkungu wa ndizi. Mama Nakijwa alicheka kuliko wote, akajifuta machozi kwa khanga, kisha akanivuta pembeni na uso ukabadilika.

"Mwanangu, leo nilikuita nikuombe radhi. Ile kazi ni ya laki nne. Nikaona nitakudhalilisha, jana nikampa mwenzako."

Laki nne! Nilishuka mlima kwa miguu nikiitaja kila kona.

Tangu siku hiyo nimeapa kutodanganya mshahara. Juzi nimeitwa usaili Mwanga, nikaingia ofisini, na kabla sijakaa nikasema, "Shikamoo mzee, laki mbili na nusu."

Yule mzee akavua miwani taratibu.

"Marahaba. Mimi nilikuwa nataka kuanza na jina."